Kisa cha pikipiki ya dogo: "Anko, niliachia mafuta haikurudi"

Ilikuwa Jumamosi jioni mwishoni mwa Agosti, shambani kwa shemeji yangu kule Kisongo nje kidogo ya Arusha, mahindi yalishavunwa na mabua yashabebwa kupelekewa ng'ombe, kwa hiyo shamba lote liko wazi na vumbi la kule wenyeji mnalijua, ni unga mtupu. Mpwa wangu ana miaka 11. Alikuwa anazunguka na pikipiki yake raundi ya sita au ya saba hivi, katoka upande wa nyumba kanyoosha kuelekea ule ua wa minyaa, pale siku zote huwa anapunguza anakata kushoto. Siku hiyo hakupunguza. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye tuta la mfereji, tairi ya mbele ikapiga tuta, pikipiki ikadunda juu na yeye akapita juu ya usukani akaangukia bega.

Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Kichwa kizima, shingo nzima, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo maana helmeti aliyokuwa kavaa nitawaeleza ilikuwa ya namna gani.

Naandika kisa chote kwa sababu tangu siku ile nimeshaletewa gereji pikipiki nyingine tatu za watoto na zote nimekuta zina makosa yaleyale. Mimi ni fundi wa bodaboda, nina miaka tisa kwenye spana. Sehemu ya makosa ya ajali hii ni ya kwangu mwenyewe na sitaificha.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha TT-R110E, shemeji aliinunua mkononi kwa familia ya wageni waliokuwa wanahama. Kwa wasioijua, ni injini ya stroku nne cc 110 inayopozwa na hewa, gia nne, ina kiki na selfu pia, kiti kiko sentimita 67 kutoka chini na uzito wake ni kama kilo 72 ikiwa na mafuta na oili. Haina taa wala indiketa, ni ya shambani na kwenye viwanja tu, barabarani haina nafasi hata ya kwenda dukani. Tairi ya mbele ni ringi 14 na ya nyuma 12. Breki zote ni za dramu. Halafu kitu kikubwa kwenye kisa hiki, haina mkono wa klachi. Klachi, ile inayounganisha na kukata nguvu ya injini kwenda kwenye tairi, inajishika yenyewe kama zile Honda 50 za zamani, mtoto anabadilisha gia kwa mguu tu.

Sasa pale shambani baada ya kuanguka kila mtu alishakuwa na jibu lake. Shemeji akasema dogo kaganda kwa uoga, akaminya mafuta badala ya breki. Jirani akasema watoto wa siku hizi wana papara. Dada yangu, mama wa mtoto, yeye ni muuguzi na toka mwanzo hakuitaka hiyo pikipiki, alikuwa hasemi kitu, amemshika mtoto shingo asigeuke na anawafokea watu waliotaka kumnyanyua kwa mkono, maana kuna kijana mmoja alishamvuta mkono wa upande uleule uliovunjika akidhani anamsaidia. (Mtu akianguka hivyo mwacheni alale kwanza, muulizeni anasikia maumivu wapi, anaweza kuchezesha vidole vya miguu na mikono, helmeti msiivute kwa haraka. Dada alituelewesha hilo siku hiyo kwa sauti ambayo sitaisahau.)

Dogo mwenyewe kwenye gari njiani kwenda hospitali alikuwa analia, ananiambia, "Anko, niliachia mafuta haikurudi. Niliachia kabisa." Nami nikamwambia sawa baba, tulia, tutaongea. Lakini moyoni sikumwamini. Nilijua watoto wakianguka lazima waseme chombo ndo kibaya.

Usiku nyumbani ndo ikanijia. Pikipiki ilipolala chini pale kwenye mfereji ilikuwa inalia. Siyo sailensi, yani ule mngurumo wa chini wa kusimama, ilikuwa inapiga kelele ya juu kabisa, tairi ya nyuma inazunguka hewani inarusha udongo, mpaka shemeji alipofika mbio akabonyeza kitufe cha kuzimia. Sote tuliisikia. Hakuna mtu amekaa juu yake, hakuna mkono kwenye mafuta, kwa nini injini inalia vile? Mafuta yakiachiwa lazima yarudi. Nikakaa kitandani nikajisikia vibaya sana, maana mtoto alisema ukweli na mimi fundi mzima ndo nilikuwa wa kwanza kuuweka pembeni.

Jumapili asubuhi nikaibeba gereji kwangu na nikajiwekea sharti, sifungui nati hata moja kabla sijaangalia kila kitu kilivyo na kupiga picha kwa simu. Nikashika hendeli ya mafuta, nikavuta mpaka mwisho nikaachia. Ikarudi nusu ikasimama. Nikavuta tena, ikarudi yote. Mara ya tatu ikabaki juu. Kwanza nikahisi waya, kwa sababu waya ukikunjwa vibaya au ukikauka unafanya hivyohivyo, lakini nilipouchomoa juu na chini ukawa unateleza vizuri tu. Basi tatizo liko kwenye kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa.

Kufungua mfuniko wa juu nikachomoa ile pistoni ya kabureta, kile kidude kinachopanda ukivuta mafuta na kushuka ukiachia, kina springi juu yake. Ina mikwaruzo ya kusimama upande mmoja, na kwenye ukuta inamopita kuna uji wa vumbi na mafuta umeshikana kama msasa. Nikapitisha kidole kwenye mpira unaoleta hewa kutoka ea klina, yani boksi la chujio la hewa, kikatoka cha kahawia. Huko hakutakiwi hata chembe. Sehemu ya baada ya chujio ikiwa na vumbi maana yake injini imekuwa ikila mchanga siku zote hizo.

Nikafungua boksi la chujio. Hapa ndo panataka maelezo marefu kidogo kwa mafundi wenzangu, kwa sababu naamini wengi wetu tungefanya vilevile.

Zipo bodaboda ambazo chujio lake ni la karatasi. Likijaa unalipiga upepo wa kompresa kutokea ndani, vumbi linatoka, unarudisha, likichoka unanunua lingine. Pikipiki hizi za shambani chujio lake ni la sponji, na sponji peke yake haichuji kitu, matundu yake ni makubwa kuliko vumbi lenyewe. Kinachokamata vumbi ni oili inayopakwa kwenye sponji, vumbi linanata pale. Sponji kavu ni sawa na kuweka chandarua kuzuia moshi. Na yule fundi aliyeifanyia sevisi mara ya mwisho (siyo wa kwangu, simtaji) alifanya alichozoea, kaipiga upepo, kaiona safi, kairudisha ikiwa kavu. Kwa macho ilikuwa safi kweli, inavutia. Wiki tatu za vumbi la Kisongo ndo zikafanya hayo mengine.

Na kumbuka mtoto haendeshi kama bodaboda. Bodaboda iko barabarani hewa ina nafuu, mtoto anazunguka sehemu ileile, raundi ya pili anapita kwenye vumbi la raundi ya kwanza, pikipiki yenyewe fupi, ea klina iko chini karibu na vumbi linaporuka. Kwa mazingira ya kwetu kiangazi chujio linaangaliwa kila siku ya kuendesha, siyo kila mwezi.

Namna ninavyolisafisha sasa ni hivi. Nalitoa, naziba mdomo wa hewa kwa kitambaa safi ili kisiingie kitu. Nalifua kwanza kwenye mafuta ya taa kidogo kulegeza oili ya zamani, halafu maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka maji yatoke masafi. Petroli hapana, inalainisha gundi ya sponji inaachia maungio, na pia moto, mtu mmoja akiwasha kiberiti karibu ni msiba. Naliminya kwa viganja, silisokoti kama unakamua nguo kwa sababu sponji inachanika ndani bila kuonekana. Linakauka kivulini mpaka likauke kweli. Halafu nalitia oili ya chujio la sponji, naliminyaminya ndani ya mfuko wa nailoni mpaka rangi iwe sawasawa kote, nakamua ya ziada, lisiwe linadondosha. Ukingo wake nalipaka grisi nyembamba linapokaa kwenye boksi ili hewa isipite pembeni. Oili yenyewe ya sponji kwetu huipati kirahisi, niliagiza, na kabla haijafika nilitumia oili ya kawaida ya injini, inafanya kazi lakini inashuka chini taratibu kwa hiyo ukiacha wiki moja sehemu ya juu inakuwa kavu, lazima urudie.

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza na ndo iliyoshika mafuta yasirudi. Ila mafuta yakishika siyo lazima mtoto avunjike mfupa. Nikaendelea kuangalia na hapo ndo nikakutana na mkono wangu mwenyewe.

Tairi. Wiki moja kabla shemeji alikuja gereji akaniambia, "Fundi, hebu niangalizie upepo na cheni, dogo wikiendi anataka kuendesha." Nikajaza kama ninavyojaza bodaboda, sikupima hata, nilibonyeza kwa kidole nikaona imejaa. Jumapili ile nilipopima nikakuta psi (kipimo cha upepo wa tairi) 34 nyuma na 30 mbele. Kitabu cha pikipiki hii kinataka kilopaskali 100 tu, yani kama psi 15, mbele na nyuma. Bodaboda inabeba watu wawili na gunia, lazima ijazwe. Huyu ni mtoto wa kilo 34. Tairi ikiwa ngumu vile haikai chini, inadunda kwenye kila bonge la udongo, breki haishiki kwa sababu mpira unaogusa ardhi ni mdogo, na inapopiga tuta hainywi ule mshtuko, inaurudisha wote juu. Ile kudunda tuliyoiona sote haikuwa tuta peke yake.

Cheni pia niliikaza mimi. Niliikaza ikiwa imesimama kwenye stendi ya kunyanyulia, ikakaa imenyooka vizuri nikaridhika. Pikipiki ya shambani ina shokapu ndefu, tairi ya nyuma inapanda na kushuka kama sentimita 11, na inapopanda cheni inazidi kukaza mpaka pale sproketi ndogo (ile ya mbele inayovuta cheni), ekseli ya nyuma na pini inayoshikilia ule mkono wa nyuma vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Pale ndo cheni iko ngumu kuliko mahali popote. Kwa hiyo kama ukiwa umesimama cheni haina uhuru, mtoto akiruka kidogo akitua, cheni inavuta beringi ya sproketi ndogo au inakatika, na cheni ikikatika ikajikusanya mbele tairi ya nyuma inajifunga. Safari hii haikukatika. Njia ya kuijua ni rahisi, mwite mtu mzima akalie mpaka hizo sehemu tatu zikae mstari mmoja, halafu shika cheni, inatakiwa bado icheze kidogo. Ukiona imekuwa kama waya wa gitaa, legeza. Na zile alama za pande zote mbili za ekseli ziwe sawa, na klipu ya kiungio cha cheni upande uliofungwa uangalie cheni inakoelekea, ikigeuzwa kitu kikigusa kinaichomoa.

Halafu ile skrubu. Kwenye hendeli ya mafuta ya pikipiki hii kuna skrubu ndogo yenye nati yake, ukiizungusha ndani hendeli haifunguki mpaka mwisho, mzazi anaitumia kupunguza nguvu kulingana na mtoto. Yamaha PW50 za wadogo zaidi nazo zinayo, siyo kitu kipya. Ya dogo ilikuwa imetolewa nje yote. Nikamuuliza shemeji, akasema kuna kijana alimwambia imefungwa spidi ndo maana haikimbii, akaifungua. Mtoto alikuwa na miezi miwili tu tangu ajifunze.

Na la mwisho, lililonichoma zaidi, kitufe cha kuzimia. Mafuta yakishika kwenye pikipiki ya klachi ya mkono unaminya klachi, injini inalia lakini pikipiki haiendi. Hii haina mkono wa klachi. Kilichobaki kwa mtoto ni kitufe cha kuzimia kwenye usukani, basi. Nilimuuliza dogo akiwa bado na mkono kwenye kombeo, "Ungebonyeza kitufe je?" Akanijibu kitufe alikuwa anakijua ila hajawahi kukigusa yeye, baba ndo alikuwa anamzimia akimaliza. Hakukosea chochote. Aliachia mafuta na akakanyaga breki ya nyuma, alama ya tairi ilikuwepo kwenye udongo nikairudia Jumatatu nikaiona, mita nane hivi za mburuzo. Yani alifanya kila alichofundishwa, na hakuwa amefundishwa kinachotakiwa.

Helmeti aliyovaa ilikuwa ya bodaboda, ya mtu mzima, kamba imelegea. Ilikaa kichwani kwa bahati. Tuliitupa hiyo helmeti na siyo kwa hasira, ile sponji ngumu nyeupe ya ndani inafanya kazi mara moja, ikishapigwa inabonyea na hairudi hata kama nje inang'aa. Kwa sababu hiyohiyo helmeti za mitumba sinunui, hujui imeshaanguka na nani. Buti za mitumba nanunua, tulipata za motokrosi (mbio za pikipiki kwenye udongo) saizi yake zikiwa na soli nzima, na za kukinga magoti na viwiko tukapata. Miwani ya vumbi na glavu tulinunua mpya. Kinga ya kifua na mgongo ilichukua muda, ilikuja na mtu kutoka Nairobi, kule mashindano ya motokrosi ya watoto yapo miaka mingi pale Jamhuri Park na vifaa vya saizi za watoto vinapatikana kirahisi kidogo kuliko kwetu. Helmeti ya saizi yake unaijua hivi, ifungwe kamba, umshike mtoto umwambie atikise kichwa, ngozi ya shavu iende pamoja na helmeti, halafu jaribu kuivua kwa kuisukuma kutokea nyuma kwenda mbele. Ikitoka hiyo siyo yake.

Kikao cha familia ndo kilikuwa kigumu. Dada alitusikiliza mimi na shemeji mpaka mwisho halafu akasema, "Nyie mmemaliza? Chama cha madaktari wa watoto Marekani kinashauri mtoto chini ya miaka 16 asiguse hivi vyombo. Mimi ndo napokea hao watoto wodini. Niambieni kwa nini nikubali." Sikuwa na jibu la kumshinda na sikutaka kumshinda, dada yangu mkubwa yule na yuko sahihi, hatari haiishi hata pikipiki iwe nzima kiasi gani. Nilimwambia ukweli kwamba kama akisema iuzwe naiuza kesho na sitamnung'unikia. Akamgeukia mtoto. Mtoto akasema anataka kuendesha ila anataka kwanza ajue kuitengeneza. Dada akanyamaza muda mrefu, mwishoni akaweka masharti yake. Haendeshi bila mimi au baba yake kusimama pale anapoonekana, hakuna mtoto wa pili kupanda nyuma, hakuna kukopesha rafiki, na siku ambayo ukaguzi haujafanyika pikipiki haiwaki. Na yeye mama ana haki ya kusema leo hapana bila kutoa sababu.

Mfupa ulichukua wiki sita na daktari akaongeza tatu za kutofanya michezo. Muda wote huo tulikuwa gereji. Kabureta nikabadilisha pistoni yake na springi, nikaosha vijia vyote. Oili nilimwaga mara mbili, ya kwanza ilitoka na mng'ao wa chuma, nikaweka mpya, ikatembea saa moja nikamwaga tena. Nilitumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, siyo ya gari, kwa sababu klachi ya hii inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini na oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano inayofanya klachi iteleze. Moshi wa bluu haukuwepo na kiki bado inasukuma mguu vizuri, kwa hiyo silinda sikuifungua, mchanga haukufika mbali. Tulibahatika, maana injini iliyokula vumbi muda mrefu inataka pistoni, ringi na pengine kuchongwa silinda.

Ukaguzi anaufanya yeye mwenyewe mimi nikiangalia. Wamarekani wa Motorcycle Safety Foundation, taasisi ya usalama wa pikipiki, wana mpangilio wao wa ukaguzi wanauita T-CLOCS, nilisoma nikaona herufi za Kiingereza hazitamkaa kichwani, tukapanga wa kwetu wa kutembea kutoka tairi ya mbele mpaka ya nyuma kwa upande wa kushoto na kurudi kwa kulia. Anapima upepo kwa geji, siyo kidole. Anagonga spoku moja moja kwa bisibisi, zilizokaza zinalia ting, iliyolegea inalia kama mti. Anashika tairi juu na chini anaitikisa kama beringi imekufa. Anaminya breki, anakunja usukani kushoto mpaka mwisho, anavuta mafuta anaachia yarudi tap, kulia vilevile, katikati vilevile, na hendeli iwe na uhuru wa milimita 3 mpaka 5 kabla haijaanza kuvuta. Anafungua boksi la chujio. Anaangalia oili pikipiki ikiwa imesimama wima. Cheni. Nati za ekseli. Halafu anaiwasha na anaizima mwenyewe kwa kitufe. Kuna siku inachukua dakika kumi na kuna siku nusu saa na jua linazama na hakuendesha, na hajawahi kulalamika.

Mwezi wa kumi na moja ndo akapanda tena. Kabla ya hapo tulitembea shamba zima kwa miguu sisi watatu, tukatoa visiki na waya wa seng'enge, tukaweka matairi ya zamani pale kwenye mfereji na tukahamisha njia yake mbali na tuta. Skrubu niliifunga mpaka hendeli inafunguka robo tu.

Siku ya kwanza hakwenda popote. Alikuwa anatembea mita ishirini kwa gia ya kwanza, mimi napiga kelele "Zima!" naye anabonyeza kitufe bila kuangalia. Mara thelathini hivi. Kuna wakati niliita akiwa anakata kona, kuna wakati akiwa amesimama juu ya vikanyagio, mpaka kidole kikawa kinaenda chenyewe. Siku ya pili breki, zote mbili pamoja, ya mbele kwa vidole viwili taratibu siyo kushtukiza, kwa sababu alikuwa anaiogopa ya mbele na anategemea ya nyuma peke yake, na breki ya nyuma peke yake kwenye vumbi inaburuza tu. Baada ya hapo namba nane kuzunguka ndoo mbili, kusimama kwenye vikanyagio magoti yamekunjika kidogo na viwiko nje, macho yaangalie unakotaka kwenda siyo unachokiogopa. Hilo la macho lilimsumbua. Kila akikaribia upande wa mfereji shingo inageukia mfereji na pikipiki inafuata shingo. Nilienda nikasimama upande wa pili wa kona nikamwambia niangalie mimi tu. Ilichukua jioni mbili.

Mafuta anajaza injini ikiwa imezimwa na imepoa, na hagusi ekzosti, ana alama ya zamani kwenye mguu inayomkumbusha.

Skrubu nimeifungua nusu sasa. Dada alikuja mara moja kuangalia, alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ua na hakusema kitu mpaka dogo alipomaliza akazima, akavua helmeti akaenda kumsalimia. Akamuuliza, "Nani amekagua leo?" Dogo akasema mimi mama. Akamuuliza tena chujio la hewa linafanyaje kazi, akamweleza lote, sponji, oili, vumbi linanata, kwa nini halipigwi upepo. Dada akaniangalia tu.

Nilimwomba dogo msamaha pia, kwa kutomwamini kwenye gari na kwa ule upepo na ile cheni. Nilimweleza kabisa kwamba vile viwili nilivifanya mimi. Akaniuliza, "Kwa hiyo Anko na za bodaboda huwa unajaza bila kupima?" Geji sasa inaning'inia kwenye msumari pale mlangoni gereji na kila pikipiki inayoingia inapimwa.

Jumamosi iliyopita alitikisa tairi ya mbele akaniita, akaniambia inacheza kidogo. Nikashika na mimi, kweli, beringi ya kushoto inaanza kufa. Nimeagiza mbili. Pikipiki iko kwenye stendi gereji kwangu, tairi imetolewa, na wikiendi hii haendeshi.